Mwaka Ofisi Yetu Ilipochagua Mirathi

Mwezi uliopita nilialikwa chakula cha mchana na mawakili. Nasema nilialikwa, lakini jengo lenyewe wanalokaa ni langu, orofa zote tatu, na ngazi wanazopanda kila asubuhi zilimwagwa zege nikiwa nimesimama hapo kwa miguu yangu. Wakili Mbithe alikuwa anastaafu, anawaachia vijana ofisi aliyoianzisha. Tulikula pilau na kuku, na muthokoi pia, maana Wakili alikataa katakata kuagwa bila mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Baada ya kula, kijana mmoja mwenye suti ya buluu akasimama kusoma historia ya ofisi. Akasema mwanzilishi wetu "alifanya utafiti wa soko, akagundua pengo katika huduma za mirathi." Nilicheka mpaka maji yakanipalia. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Wakili Mbithe naye, kule mbele, alikuwa amejifunika mdomo kwa kitambaa na mabega yanamtikisika. Sikupewa nafasi ya kuzungumza siku hiyo, nami si mtu wa kunyimwa nafasi, kwa hivyo naandika. Shule niliiacha darasa la sita. Lakini nikisema jambo fulani nilikuwepo, ujue nilikuwepo.

Ofisi ya kwanza ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la Bwana Salim, kwenye barabara inayoteremka kutoka mahakamani. Salim aliuza mbegu, chakula cha kuku na dawa ya kupe, na harufu ya ile dawa ilipanda ngazi na kukaa nasi mchana kutwa kama mteja asiye na haraka. Ndani kulikuwa na meza moja, kiti cha Wakili, kabati la chuma ambalo droo yake ya chini haikufunga, na benchi refu tuliloazima kanisani. Dirisha lilitazama vilima, na jua la saa tisa likiingia, Wakili alilazimika kuhamisha kiti. Mimi nilikuwa mwangalizi wa jengo hilo na, kwa upande, broka. Nilikuwa kijana wa jozi moja ya viatu, lakini hakuna mtu aliyetafuta nyumba, lori la mchanga au fundi wa paa mjini Machakos bila kuniuliza. Wiki ya kwanza Wakili alikuwa akishuka ngazi kila mara: Musyoka, chifu wa mahali fulani ni nani? Musyoka, mpiga chapa mzuri yuko wapi? Mwishowe akasema, "Wewe unajua kila mtu?" Nikamwambia, "Nisiyemjua, Wakili, bado hajafika mji huu." Akaniajiri papo hapo. Siku hizi watu hutafuta kazi kwa karatasi kumi. Mimi nilipata kwa sentensi moja.

Jambo moja alilonieleza mapema, bila kuficha, ni hili. Alikuwa ametoka ofisi kubwa Nairobi, na bosi wake wa huko, mzee mmoja mwenye jina, alikuwa amemwambia: nenda ujaribu, meza yako naiweka mpaka mwaka uishe. Kwa hivyo tulikuwa na mwaka mmoja. Ama Wakili ajue ofisi yake ni ya kazi gani na watu waijue kwa kazi hiyo, ama arudi Nairobi kukaa kwenye ile meza, nami nirudi kwenye malori ya mchanga. Tulilizungumza jambo hili karibu kila mchana, sahani ya muthokoi kutoka kibandani ikiwa katikati yetu, imefunikwa na sahani nyingine ili isipoe. Bwana Salim alizoea kupanda na birika lake la kahawa. Yeye babu zake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilitufanya sote tuonekane tunatafuna mawe. "Wakili," alisema siku moja, "duka likiweka mkate na mafuta ya taa rafu moja, mkate utanuka taa. Chagua rafu."

Wakili alichagua makampuni. Ndiyo kazi aliyoijua Nairobi: kuandikisha makampuni, mikataba, mambo ya wakurugenzi. Tukangoja wakurugenzi. Akaja mwalimu mmoja wa kwaya kutoka Kola, akataka kwaya iandikishwe ili sauti ya kwanza wasitoroke na magwanda. Wikendi nzima Wakili aliandika katiba ya kwaya, na mpaka leo nasikia ina kifungu cha magwanda. Baada ya kwaya, kimya. Ndipo nikampa ushauri wangu, nao ulikuwa ushauri wa mtu mwenye macho: ajali. Barabara ya Mombasa iko pale chini, malori usiku na mchana, watu wanavunjika mikono, bima zinalipa. Sikuishia kwenye maneno. Nilimletea mwanamume mwenye mkono uliofungwa plasta mbichi, nikamketisha kwenye benchi.

"Pole sana," Wakili akamwambia. "Ulijuaje ofisi yangu?"

"Huyu ndugu alinipata wodini," yule mtu akasema kwa shukrani. "Hata daktari alikuwa hajafika."

Wakili alimsikiliza kwa upole, akamshauri, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akageuka. "Musyoka, wakili akijulikana anatuma watu hospitalini kumtafutia wateja, ananyang'anywa cheti. Unataka niende kuuza chakula cha kuku na Bwana Salim?"

"Nafasi ipo!" Salim akaitikia kutoka chini.

Nilinuna siku mbili. Niliona nimempa mgodi naye ameukataa kwa sababu ya vumbi. Siku hizi najua sheria ilikuwa upande wake, lakini hesabu ya wateja ilikuwa upande wangu, na ofisi ilikuwa tupu.

Mama Ndinda alifika wakati watu wa Masii walikuwa wamemaliza kuvuna, siku yenye jua kali. Alikuwa mwanamke mrefu, leso mbili mabegani, anapanda ngazi polepole bila kushika ukuta. Nyuma yake kwa umbali, kama mtu aliyekuja kwa shughuli zake, alipanda mwanamume wa makamo anayeitwa Mutiso, mume wa binti yake Ndinda. Niliwasalimu, nikamwambia Wakili ana wageni, naye akanituma chai na mandazi. Kosa lilitokea nikiwa kwa mandazi. Ningekuwa ndani ya chumba lisingetokea, na hilo Wakili mwenyewe huwaambia watu.

Kwetu Ukambani, mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja. Kati yao hakuna chuki. Ni heshima, na tunaiita nthoni. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Hawali meza moja, macho hayakutani, na mmoja hamwiti mwenzake kwa jina. Vijana wa leo wamelegeza, wengine wanakumbatiana mpaka kwenye picha za harusi, lakini watu wa umri ule, wa Masii, hawalegezi hata kwa dawa. Siku hiyo walikuwa wamesafiri gari moja, Mutiso mbele kwa dereva na Mama nyuma kabisa. Sasa wamefika kwenye chumba chenye benchi moja. Wakili, mtoto wa Nairobi, akawaambia kwa furaha, "Karibuni, kaeni, sogeeni tu, benchi ni refu."

Wakakaa, kwa sababu kukataa kiti cha mwenye nyumba nako ni aibu. Na wakishakaa, nani aongee? Mama alijifunika leso mpaka machoni, akageukia ukuta. Mutiso alikazia macho dari, jasho linamtiririka. Wakili akauliza shida ni nini. Kimya. Akauliza shamba ni la nani. Kimya. Akamwangalia mama mzee anayejificha uso, akamwangalia mwanamume mwenye mabega mapana ambaye hataki kumtazama mtu, na akili yake ya chuo kikuu ikamletea jibu: huyu mwanamume ndiye anayemtesa. Akasimama. "Mama, usimwogope. Na wewe bwana, toka nje. Kangoje huko barabarani."

Nilimkuta Mutiso kwenye ngazi, nikiwa na birika mkononi.

"Kuna nini, mzee wangu?"

"Nimefukuzwa," akasema, "kama mbwa aliyeingia kanisani." Akanipita.

Nilipoingia, Mama Ndinda alikuwa amesimama, leso imeshuka, uso wazi. "Umemfukuza mwanangu," akamwambia Wakili kwa Kiswahili kizito. "Mbele yangu. Mdomo wangu ndio huo umeutoa nje. Sasa nitasema na nini?" Akateremka ngazi kama alivyopanda, bila kushika ukuta. Chai ikabaki.

"Si alikuwa anamwogopa?" Wakili akaniuliza.

"Alikuwa anamheshimu. Huyo ni mkwewe, Wakili. Umewabana kwenye benchi moja kama magunia."

"Lakini mimi pia ni Mkamba, Musyoka."

"Wewe ni Mkamba wa Nairobi. Kikamba chako kinaishia kwa salamu."

Alicheka kidogo, cheko lisilo na utamu, akakaa kwenye benchi mahali alipokuwa amekaa Mama. Baadaye nikamwona anatoa vitabu kabatini na kuvipanga ndani ya boksi la sabuni. Mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni. Akasema, kama anajisemea, kwamba labda mahali pake ni kwenye ile meza ya Nairobi, huko watu wakikaa kimya anajua maana yake. Mimi nikavirudisha vitabu kabatini. "Kwanza mbuzi," nikamwambia. "Nairobi baadaye."

Tulikwenda Masii siku ya soko. Wakili alitaka kununua mbuzi wa kwanza aliyeonyeshwa, mweupe, mwenye macho mazuri. Nikamwambia huyo ni wa kupigwa picha. Nilichagua dume jeusi lenye mgongo mpana, nikapatana na mwenyewe mpaka akaapa hataniuzia tena kitu maishani, na mwaka uliofuata aliniuzia wanne. Tukafika kwa Mama Ndinda tukimvuta mbuzi, Wakili amevaa viatu vya ofisini, vumbi limempanda mpaka magotini. Mutiso aliitwa kutoka kwake ng'ambo ya bonde. Wakili alisimama mbele yake akaomba msamaha kwa Kikamba, na Kikamba chenyewe kilikuwa kibovu mno hivi kwamba Mutiso aligeuka pembeni kuficha kicheko. Mtu akishacheka, kesi imepungua nusu. Akamshika mbuzi pembe, akamkagua mgongo. "Huyu hakuchaguliwa na wewe," akamwambia Wakili. Nikakohoa.

Nyama ikiwa motoni, ndipo maneno yakatoka. Mama alikaa ndani ya jiko lake, kwenye moshi. Mutiso alikaa nje kwenye kigoda, upande wa pili wa ukuta uleule wa matofali. Wakili akajikuta kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mwingine nje, karatasi gotini. Shida ilikuwa hivi. Mume wa Mama alikuwa ameaga dunia. Shamba bado lilikuwa kwa jina la baba yake mume, aliyekufa zamani zaidi, na kwa sababu Mama alizaa mabinti tu, mtoto wa shemeji yake, aitwaye Kilonzo, alikuwa amepanda mstari mpya wa mkonge, ambao kwetu ndio mpaka, katikati ya shamba na kusema huko kwingine ni kwake, mabinti waende kwa waume zao. Alidai babu hakuwahi kuwagawia wanawe. Aliyeona babu akigawa, na bado yu hai, mbali na Mama mwenyewe, ni mmoja tu.

"Mstari wa zamani niliupanda mimi," Mutiso alisema. "Nilikuwa nimeoa mwaka huo. Mzee mwenyewe alitembea mbele na bakora, wanawe wawili nyuma, mimi nimebeba miche ya mkonge. Tulianzia kwenye mwamba, tukateremka mpaka korongoni."

"Mwambie mwenye kusema huko nje," Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "kwamba hatukuanzia kwenye mwamba. Tulianzia kwenye zizi, nami ndiye niliyewaletea uji."

"Mwambie aliye ndani," Mutiso akasema, akitazama mbuzi, "kwamba ni kweli, ni kwenye zizi. Na uji ulikuwa na chumvi nyingi."

Wakili alikuwa anaandika na kucheka, na moshi unamtoa machozi. Kwa muda mrefu walipokezana hivyo kupitia kwake, kila mmoja akimsahihisha mwenzake bila kumtazama, hadi mpaka wote wa lile shamba ukakamilika kwenye karatasi, jiwe kwa jiwe.

Kisha majirani wakaanza kuja. Harufu ya nyama iliwaleta, lakini walikaa kwa sababu nyingine. Mzee mmoja akamwinamia Wakili: na shamba likiwa kwa jina la babu wa babu, linaandikwaje? Mama mwingine: sisi tuligawana kwa mkonge tu, je, serikali inajua? Kwetu, mtu akikimbilia mahakamani kugawa mali ya baba, wenzake humwona kama aliyekuwa akingoja kifo chake. Kwa hivyo watu hugawana kwa maneno na mkonge, karatasi hubaki na jina la marehemu, na mambo hukaa hivyo mpaka atokee Kilonzo. Mimi nilikuwa nimeshika mfupa, nawatazama wale watu wamejipanga mpaka kwenye zizi. Mimi ni mfanyabiashara, foleni naijua hata ikiwa imekaa chini. Tukirudi mjini nilimwambia Wakili maneno ambayo mpaka leo sijasikia wakili yeyote akisema bora zaidi. "Ajali haimpati kila mtu," nilisema. "Lakini kila mtu ana babu aliyekufa."

Taa za mji zilipoonekana, Wakili akanigeukia. "Basi tununue plaiwudi," akasema.

Fundi aligawa chumba katikati, ukuta wa plaiwudi kutoka mlangoni mpaka karibu na meza, ili Wakili akikaa mwisho aone pande zote mbili, na walio pande hizo wasionane. Mama mkwe yeyote alitangulia kuingia, akapita upande wa dirisha. Mkwe akafuata, akabaki na kabati. Benchi la kanisa tukalikata vipande viwili, na kanisa nimelilipa kwa mabenchi mazuri zaidi, waulize. Bwana Salim alipanda kukagua. "Mashallah," akasema, "mmejenga msikiti. Wanawake huku, wanaume huku." Sikubandika tangazo popote, wala sikuingia wodi yoyote. Habari ilitembea yenyewe, sokoni Masii, ikafika mpaka Ekalakala: kuna wakili Machakos ambaye kwake mtu anaweza kusema na wakwe zake wapo, na hakuna anayeaibika.

Kesi ya Mama Ndinda iliendelea mahakamani. Wakili aliieleza korti kwamba binti ni mtoto mbele ya sheria sawasawa na kijana wa kiume, kisha akasoma maelezo ya Mutiso kuhusu ule mstari, kuanzia kwenye zizi. Kilonzo alisikiliza mpaka wakafika kwenye uji. Siku ya kusikizwa tena alikuja na wazee wawili kusema kwamba atang'oa mkonge wake mwenyewe. Aling'oa. Sikupita huko kuhakikisha, lakini Salim aliuza mbegu kwa Mama msimu huo, za shamba zima.

Wiki za mwisho za mwaka, Mama na Mutiso walikuja kutia sahihi karatasi za mwisho. Mama upande wa dirisha, Mutiso upande wa kabati, mimi na birika. Tukasikia viatu vizito kwenye ngazi, akaingia bosi wa Nairobi, mzee nadhifu, njiani akielekea harusi Kitui. Alimsalimu Mutiso, akaitazama plaiwudi, akaigonga kwa kidole.

"Mbithe," akasema, "chumba hiki kilikuwa kidogo, ukakipunguza tena?"

"Ndiyo kazi ilivyo, Mzee."

"Nimepita tu kukuuliza. Meza yako bado iko pale dirishani. Wawili wameiomba, nimewanyima. Ukija Januari, utanikuta. Usipokuja, sitakulaumu, lakini sitaiweka tena." Alisema kwa upendo kabisa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu akikuita kwa ukali ni rahisi kukataa. "Wewe ni mwerevu kuliko wote niliowafundisha. Utakaa hapa mpaka lini, ukipima nusu eka za watu waliokufa? Unataka kuzeekea hapa?"

Wakili alikuwa anaiangalia kalamu yake. Mimi nilikuwa nimeinamisha birika juu ya kikombe na chai haitoki, kwa sababu sikuwa nimetoa kizibo mdomoni mwake.

"Mwambie huyo anayesema huko," sauti ya Mama Ndinda ikatoka nyuma ya plaiwudi, na yule mzee akaruka, maana hakujua kuna mtu, "kwamba azeekee hapahapa. Tutamzika vizuri."

Kisha Mutiso, macho yake sakafuni, akasema kwa heshima zote, "Mwambieni aliye huko kwamba hata mimi nimekubali."

Wakili Mbithe alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Bosi naye akacheka, akiwa bado ameshika kifua. Alipoinua uso, Wakili alijipangusa macho kwa nyuma ya mkono, akamwambia, "Mzee, hiyo meza mpe mtu."